Pamba, Spiriti na Sauti ya Malenga

Wapenzi wa lugha na watunzi wenzangu, leo naomba tuweke kando mjadala wa vina na mizani, tuzungumzie pamba, spiriti na redio kaseti. Msistaajabu. Naamini kwamba sehemu kubwa ya ushairi wetu uliopata kughaniwa imelala ndani ya kanda zilizorundikwa makabatini mwetu, na kwamba wengi wetu tutaziharibu kanda hizo siku ile ile tutakapoamua kuziokoa.

Mimi niliharibu moja. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu, nilimrekodi mjomba wangu akighani mashairi yake barazani. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, tulipokwisha kumzika, jamaa waliomba waisikie sauti yake. Nikaiteremsha redio kaseti juu ya kabati, nikaipangusa kwa nje, nikatia kanda. Mjomba alighani beti mbili. Katika ubeti wa tatu sauti ikawa nzito, ikayumba, kisha ikakoma. Nilipofungua mlango wa mashine nilikuta utepe umejiviringisha kwenye gurudumu la mpira. Niliuvuta kwa haraka, ukanyumbuka kama uzi, ukakatika. Watu waliokuwa sebuleni hawakunilaumu, na kimya chao nakikumbuka hadi leo.

Atatokea wa kuniuliza: beti zimo daftarini, basi kilichopotea ni nini? Yamepotea mahadhi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika lina kasoro. Sisi tumeifuata kanuni hiyo kwa kuhesabu mizani, tukasahau kuutunza wimbo wenyewe. Mjomba alikuwa na desturi ya kuivuta silabi ya nane, akapumua, ndipo akaingia katika utao. Daftari langu linaonyesha mizani kumi na sita katika kila mshororo, wala halionyeshi pumzi ile ilikaa kwa muda gani. Nimejaribu kumwiga, nimeshindwa.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwaka uliofuata kampuni ya Philips ikaleta kaseti ndogo tunayoijua sote. Watunzi waliokuja baada yake walijaliwa chombo ambacho hata mwalimu wa kijijini aliweza kukinunua. Ingekuwa aibu kubwa kama sauti zao nazo zingetuponyoka kwa sababu ya uvivu wa kusafisha.

Kazi yenyewe si ngumu. Fundi mmoja mzee alinionyesha, nami nawapa kama nilivyopewa. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku. Kila unapopita mbele ya kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma sauti, huacha chembe za unga huo, nazo zikishikamana, sauti hufifia. Chovya pamba katika spiriti safi isiyo na manukato wala mafuta, usugue kichwa taratibu, ubadilishe pamba mpaka itoke nyeupe. Safisha vivyo hivyo kijiti cha chuma kinachouvuta utepe. Gurudumu la mpira lipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kwa kuwa spiriti ikizidi huukausha mpira ukapasuka. Acha vyote vikauke. Tazama pia mikanda ya mpira iliyo ndani: ikiwa imelegea au imeyeyuka kama lami, mpelekee fundi aibadilishe.

Kanda nayo ina haki zake. Ikiwa na ukungu, usiitie mashinini kabla ya kusafishwa na anayejua. Vunja vile vibanzi viwili vya mgongoni, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma, utepe uachane. Jaribu mashine kwanza kwa kanda usiyoijali. Ile ya mjomba iwe ya mwisho kuingia, kamwe isiwe ya kwanza.

Vijana huniambia, "Mwalimu, siku hizi ni kunakili kwenye simu tu, yamekwisha." Nawaheshimu, na kunakili ni lazima. Lakini simu iliyowekwa mbele ya spika hunasa na feni, na jogoo wa jirani, na uchafu wa kichwa kisichosafishwa. Nakala ya sauti iliyofifia ni ufifio uliohifadhiwa milele. Safisheni kwanza, kisha unganisheni mashine na kompyuta kwa waya, na kanda yenyewe msiitupe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila chama cha washairi, na kila chuo kinachofundisha fasihi simulizi, kiwe na mashine moja nzima na mtu mmoja anayejua kuitunza. Tunachapa diwani na kuzizindua kwa hotuba na pilau. Chupa ya spiriti haigharimu hata sahani moja ya pilau hiyo.

Nimebakiwa na kanda tano. Kila moja huisafishia mashine upya kabla sijaitia, na mkono bado hunitetemeka ninapobonyeza kitufe. Nawaachia ubeti mmoja:

Vumbi lote ukitoa, kichwa nacho ukioshe,
Sauti iliyopoa, mashine iirudishe,
Urithi tukiokoa, watoto tuwarithishe,
Sauti ikipotea, wino hauirudishi.