Rejeta Ikichemsha, Mikono Mbali!

Mshikaji, ukitoka Tarime kwenda Mugumu, gari ikianza kuchemsha mlimani usijitie ufundi. Nawaona wengi wanakimbilia mfuniko wa rejeta. Thubutu! Maji yenye presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua tu, yanageuka mvuke na kukurukia usoni. Sura ikibabuka, disko utaenda na nani?

Zima injini, nyanyua boneti, kaa pembeni nusu saa au zaidi, piga stori na abiria. Maji ya baridi nayo usimwagie injini ya moto: silinda hedi inaweza kupasuka, na hela ya ng'ombe wa mzee ikaishia gereji. Ikipoa kabisa, shika mfuniko kwa kitambaa kizito, zungusha polepole, halafu kagua mkanda wa feni na mipira ya maji.