Msimcheke Magole

Wiki iliyopita tulikaa vijana tisa chumbani kwa mwenzetu mmoja, tukaangalia sinema ya Waingereza ya mwaka 1946 iitwayo Men of Two Worlds. Tuliitafuta kwa sababu habari zake ni za Tanganyika. Kijiji chenyewe eti kinaitwa Marashi, kwa hiyo vicheko vilianza mapema. Kisha akatokea Magole, mganga wa kijiji, na hapo chumba kizima kikavunjika mbavu. Mmoja wetu, mshairi mzuri tu, mmewahi kumsoma humu humu, akasema: "Mtazameni kibaraka huyo! Kauza utu wake kwa mkoloni." Wengine wakaitikia. Mimi sikuitikia, na kwa kuwa siku ile nilizidiwa sauti, naomba nafasi hapa nijibu.

Huyo kibaraka wenu jina lake Orlando Martins. Alizaliwa Lagos mwaka 1899, akaenda Uingereza angali kijana, akaishi huko miaka chungu nzima. Kabla sinema haijamjua alikuwa mpagazi sokoni, mlinzi wa usiku, mpiga mieleka, hata mshika nyoka katika sarakasi. Mtu aliyeshika nyoka ili apate mkate, wewe unayekula kwa dada yako mpaka leo unamwambia kauza utu? Haya, bwana.

Lakini sitaki kumtetea kwa njaa yake tu. Njaa ni utetezi wa watu wote, hata wa wezi. Nataka tuangalie kazi yenyewe.

Mwaka 1951 alicheza katika Where No Vultures Fly, iliyopigwa Kenya. Humo anaitwa M'Kwongwi. Nimeuliza wazee wa pande mbalimbali, hakuna aliyewahi kumsikia mama akimwita mwanawe M'Kwongwi. Mwaka 1954 akarudi na jina hilo hilo katika West of Zanzibar. Mwaka 1955, hali ya hatari ikiwa bado inawatafuna Wakikuyu, ikatoka Simba. Humo Martins ni mzee wa kijiji, na mwanawe daktari Karanja anachezwa na Earl Cameron. Baba wa Lagos, mtoto wa Bermuda, na nyumbani kwao ni Ukikuyuni! Mwishoni tunaambiwa kwamba mzee huyo ndiye kiongozi wa Mau Mau. Baada ya hapo, Killers of Kilimanjaro, 1959: chifu. Call Me Bwana, 1963: chifu. Mister Moses, 1965: chifu tena. Na katika The Hasty Heart ya 1949, ambamo Ronald Reagan, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, naye anaumwa wodi hiyo hiyo, Martins ni askari anayelijua neno moja tu, jina lake: Blossom. Sinema nzima, neno moja. Na bado ukimaliza kuitazama uso wake unabaki nawe. Jaribuni nyie, mnaojua maneno yote hayo.

Sasa nirudi kwa Magole. Katika hadithi ile Kisenga, mpiga piano aliyekaa London miaka kumi na mitano, anarudi kijijini kuwasaidia Bwana Shauri na daktari wa kizungu kuwahamisha watu kwa sababu ya mbung'o na malale. Magole anapinga. Kwa nini anapinga? Hapo ndipo penye kesi yangu. Sinema haisemi, au inasema tu kwamba yeye ni mtu wa giza anayeogopa kupoteza madaraka. Hakupewa hoja hata moja. Sisi wengine tuna babu zetu waliohamishwa. Huko Liwale, katika miaka ya 1940 hiyo hiyo, watu waliondolewa kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaingia katika Pori la Akiba la Selous. Malale yalikuwepo kweli, na yaliua, sibishi. Lakini aliyesema "sihami" alikuwa na makaburi ya wazee, alikuwa na mashamba, na alishahisi kwamba akitoka harudi. Magole angeweza kuyasema hayo. Mwandishi hakumwandikia. Mwigizaji naye hawezi kusema ambacho hakikuandikwa, atabaki kukunja uso tu, na nyinyi mtacheka.

Mnasema angekataa. Basi sikilizeni alichofanya alipopewa karatasi nyingine. Mwezi Machi 1936, katika ukumbi wa Westminster mjini London, ulichezwa mchezo wa Toussaint Louverture. Mtunzi ni C.L.R. James, mtu wa Trinidad. Paul Robeson alikuwa Toussaint, Robert Adams akawa Dessalines, na Martins akawa Boukman. Boukman ni nani? Ni mtumwa aliyewaongoza watumwa wenzake kuasi kule Haiti mwaka 1791, na alikuwa kuhani wa dini ya wazee wao. Kwa macho ya Bwana Shauri, huyo naye ni Magole tu! Mwigizaji ni yule yule, na kwenye ukumbi ule mtu wa mizimu ndiye anayewasha moto wa uhuru. Hata huyo Adams, miaka kumi baadaye, ndiye Kisenga wetu wa Marashi. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kalamu.

Mchezo wa James ulichezwa siku mbili basi. Sinema ya Magole ilizunguka dunia, na Marekani wakaipachika jina la Witch Doctor. Neno hilo nalo lina mambo yake. Kiswahili kina mganga na kina mchawi. Mmoja anatibu, mwingine anaroga, na mtoto wa miaka mitano hawachanganyi. Kiingereza cha wakoloni kiliwafunga wawili hao kamba moja. Najua mtaniambia wapo waganga wapiga ramli wanaonyooshea vidole vikongwe, na huko Usukumani bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Ni kweli, na damu hiyo haina utani. Ndiyo maana nasema kuwachanganya ni jambo la hatari. Ukishamfanya kila mzee mwenye kibuyu kuwa mchawi, umemsaidia nani?

Na wanaowachanganya leo ni sisi. Washeni televisheni jioni yoyote. Kaniki, shanga, kibuyu, sauti ya kukoroma, na kicheko kirefu kisicho na sababu. Waingereza wa 1946 hawapo hapo. Mtunzi ni kijana wa mtaani kwetu, mwongozaji ni kijana wa mtaani kwetu, na mzee anayeigiza hulipwa nauli, mara nyingine asilipwe kabisa. Magole tumemrithi, tukamvisha upya, tena kwa bei ya chini kuliko mkoloni.

Nasema "tu" kwa makusudi. Mwaka jana niliandika mchezo wa dakika arobaini, ukachezwa ukumbini mbele ya watu. Ndani yake kuna mganga. Sikumpa jina, kwenye karatasi niliandika MGANGA, basi. Aliyemcheza ni mzee mmoja aliyeanza maigizo kabla sijazaliwa. Siku ya tatu ya mazoezi akanivuta pembeni akaniuliza: "Mwanangu, huyu mtu ana mke? Asubuhi akiamka anafanya nini?" Nikamjibu, "Mzee, we chekesha tu." Akachekesha. Watu walipiga makofi sana. Nami nilikuwa nikipiga makofi nyuma ya pazia, nikijiona mtunzi.

Orlando Martins alipokuwa na umri wa miaka sabini hivi alicheza nyumbani, Nigeria, katika Kongi's Harvest ya 1970, kazi ya Wole Soyinka. Mwaka uliofuata akawa Obierika, rafiki wa Okonkwo, yule anayefikiri na kuuliza maswali, katika sinema iliyotokana na vitabu vya Chinua Achebe. Alifariki Lagos mwaka 1985. Alisubiri takriban miaka thelathini na mitano, tangu Boukman hadi Obierika, apate tena karatasi iliyoandikwa na mtu wa kwao. Mshairi wetu anamdai nini zaidi?

Mchezo wangu nimeurudia. Mganga sasa ana jina, ana mke aliyemkimbia, ana deni dukani, na ana hoja ambayo mimi mwenyewe siwezi kuijibu. Mhariri akikubali, naleta kwa toleo lijalo. Mzee nimemfuata kwake, amesema ataisoma kwanza.