Mumi wa Lambo Naye Apimwe

Mvua zinapojaza malambo ya Kahama, Shinyanga Vijijini na Nyang'hwale, fito hutolewa nyuma ya nyumba. Vifaa ni vichache: mshipi wa nailoni, ndoano moja, boya la bua la mtama au kipande cha ndala chakavu, na nyungunyungu kwenye kopo. Asiye na muda wa kuketi ukingoni hufunga mshipi kwenye dumu tupu la mafuta ya kula, hulisukuma likaelea jioni, na alfajiri hulifuata pale mumi alipolikokota. Samaki anayepatikana hapiti mwaloni, hapandi kwenye mzani, halipiwi ushuru. Hutoka majini akaingia chunguni. Kwa kuwa uvuvi huu haumwingizii mtu mapato ya kuandikwa daftarini, tumezoea kuuita mchezo wa watoto, na mazoea hayo yametufanya tusiulize swali la lazima: katika ukanda huu wa dhahabu, ndani ya samaki huyo mna nini?

Malambo mengi ya Usukuma yalichimbwa na watu. Kazi hiyo ilishika kasi chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, kwa ajili ya maji ya mifugo na ya wananchi. Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1949, ufugaji wa samaki ulijaribiwa Korogwe na Malya, na samaki wakapandikizwa hata kwenye mabwawa yaliyokusudiwa maji ya nyumbani. Kwa hiyo anayeketi leo na ndoano ukingoni mwa lambo si mvamizi wala mkwepa kazi. Anavuna kitu ambacho serikali yenyewe ilitaka kivunwe. Aliyewapa watu maji na samaki anawajibika pia kuwaambia hali ya maji na samaki hao.

Kwa mvuvi wa ziwani, mwalo ni mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Kwa mchimbaji mdogo wa Rwamagasa, Nyarugusu au Mwakitolyo, mwalo ni mahali pa kuchenjulia unga wa mawe uliotoka kwenye krasha. Neno ni moja, na pande zote mbili haziishi bila maji. Katika mwalo wa dhahabu unga huo huchanganywa na zebaki, zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha bonge huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Iliyopaa hutua tena ardhini. Iliyosalia kwenye marudio, yaani mabaki ya unga huo baada ya kuchenjuliwa, husombwa na mvua hadi vijitoni na madimbwini. Kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo huingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Mdudu wa topeni huila kidogo, samaki mdogo hula wadudu wengi, mumi hula samaki wadogo wengi, na kila hatua sumu huzidi kujikusanya. Tena kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo. Maji yaliyovurugika na kukosa hewa hayamfai sato, lakini mumi na kamongo huibuka juu kuvuta pumzi, hivyo wao hustahimili. Penye maji mabaya kabisa, anayebaki kwa ajili ya ndoano ndiye yule anayekula wenzake. Kumkaanga, kumkausha au kumchemsha hakumwondolei zebaki, na anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 Taasisi ya Jiolojia ya Uingereza ilitoa ripoti ya utafiti uliofanywa kwa ajili ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda. Minofu zaidi ya 200 ya samaki wa aina mbalimbali ilipimwa, kutoka Rwamagasa na kutoka Ghuba ya Nungwe, Ziwa Victoria. Samaki wa ziwani walikuwa na zebaki kidogo. Lakini Rwamagasa, ndani na kandokando ya machimbo, yalikutwa maeneo ambayo samaki wake walivuka viwango vya masoko ya nje pamoja na kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu walio hatarini zaidi, na watafiti walishauri watu hao wasiwale. Ushauri wa namna hiyo una maana pale tu unapomfikia mama mjamzito kabla hajabandika chungu.

Linganisha na sangara anayeuzwa nje. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na tuhuma za uvuvi wa sumu. Nchi zetu zinazolizunguka ziwa hilo zilihangaika, ukaguzi ukaimarishwa, na leo Nyegezi, Mwanza, ipo maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Ni kazi nzuri na sina neno nayo. Ila maana yake ni kwamba kati ya mlaji wa minofu aliye Madrid na sumu amesimama mtaalamu, na kati ya mlaji wa mumi aliye Rwamagasa na sumu hajasimama mtu. Raia hapaswi kulindwa kidogo kuliko mteja.

Wapo watakaosema hatujaona wagonjwa, basi tusiwatie watu hofu. Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, nao waliotangulia kuumia walikuwa familia za wavuvi waliokula samaki wa ghuba yao kila siku. Serikali ya Japani ilikiri chanzo chake, kiwanda kilichokuwa kikimwaga zebaki, mwaka 1968. Miaka 12 ilipotea kwa kusubiri. Na hofu hailetwi na kipimo. Utafiti wa Rwamagasa ndio huo huo uliowatoa hatiani samaki wa Nungwe, na naamini malambo mengi yaliyo mbali na mialo ya dhahabu yatatoka hivyo hivyo, watu wale kwa amani.

Wengine watapendekeza njia ya mkato: piga marufuku kuvua kwenye malambo yote ya ukanda wa madini. Marufuku hiyo ingemnyang'anya mnyonge kitoweo cha karibu bila kumpa kingine, na ingewafanya watu wavue usiku kwa kujificha. Isitoshe, ingemwadhibu mwenye ndoano kwa kosa la zebaki asiyoimwaga yeye. Hoja ya wachimbaji wadogo kwamba kila upimaji huishia kuwafungia kazi ni nzito zaidi, kwa sababu wengi wao ni majirani na ndugu wa hao wanaovua, na watoto wao hula samaki hao hao. Kipimo cha samaki hakimtaji mtu; kinaonyesha marudio yasogezwe mbali na maji yapi.

Fedha nazo si kisingizio. Kampuni za madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kwa mapato ghafi, na sampuli chache kwa kila lambo lililo jirani na machimbo ni mzigo mdogo ndani ya fungu hilo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na ibara yake ya 16 inahimiza kuwatambua na kuwalinda watu walio hatarini. Huko Marekani, jimbo la Minnesota huwatangazia wavuvi wa starehe, ziwa kwa ziwa, samaki yupi aliwe mara ngapi na nani amwepuke. Sisi tunaweza kuanza na kibao kimoja ukingoni, kwa Kiswahili na Kisukuma: sato wa hapa ni salama, mumi mkubwa asiliwe na mjamzito wala mtoto mdogo. Na sampuli zenyewe zinunuliwe, kwa bei ya mnadani, kutoka kwa wenye fito na madumu, kwa kuwa wao ndio wanaojua mumi mkubwa hulala upande gani wa lambo.