Bunduki ya kiwandani inatosha, acheni kutudanganya

Najua niliahidi makala ya tatu kuhusu hifadhidata, lakini itangoje. Leo tunazungumza bunduki. Msikimbie, tutafika kwenye programu kabla ya kumaliza.

Binamu yangu anaishi Texas na siku hizi ni raia wa huko. Kila Novemba wenzake wa kazini humchukua kwenda kuwinda kulungu wenye mkia mweupe. Mwaka jana aliazima bunduki, mwaka huu anataka yake. Ana mambo mawili mezani. La kwanza ni bunduki ya kiwandani, dola 700, iko kwenye rafu, anaondoka nayo baada ya kujaza fomu na kukaguliwa. La pili ni bunduki ya kuagiza kwa fundi: mtutu wa kuchaguliwa, kitako cha kuchongwa kwa kipimo chake, dola 5,500, na kungoja miezi kumi na minne.

Akaniuliza mimi. Nikacheka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa. Bunduki nizionazo ni za askari wa benki. Akasema, "Lakini kazi yako si ndiyo hiyo, kuamua kama mtu anunue kitu kilicho tayari au atengenezewe?" Hapo akaniweza.

Nilipolitoa swali hili ofisini wakati wa chakula, waandishi wa programu sita walijibu kwa sauti moja: ya fundi, bila shaka! Eti kitu kilichotengenezwa kwa ajili yako lazima kiwe bora. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bora kwa kiasi gani, wala bora kwa kazi gani. Watu wenye shahada za sayansi ya kompyuta! Ndiyo maana naandika kwa hasira kidogo.

Tupige hesabu kwanza

Usahihi wa bunduki hupimwa kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwenye mita 100, dakika moja ni karibu sentimita 2.9. Tuseme 3. Bunduki nyingi za kiwandani siku hizi hufikia kipimo hicho, na kampuni kadhaa huahidi hivyo kwa maandishi: risasi tatu ndani ya duara la sentimita 3, ukitumia risasi nzuri. Fundi wa binamu yangu anaahidi nusu yake, sentimita 1.5. Mara mbili bora! Hapa ndipo wenzangu walipopiga makofi.

Sasa mweke mwindaji nyuma ya hiyo bunduki. Amepiga goti, baridi ya asubuhi, moyo unadunda, mnyama anakaribia kuingia vichakani. Tuseme mtikisiko wake mwenyewe ni sentimita 12 kwenye mita 100. Kwa mtu anayefyatua risasi ishirini kwa mwaka, huko ni kumhurumia.

Makosa yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja. Unazidisha kila moja kwa lenyewe, unajumlisha, kisha unatafuta kipeo cha pili. Tulifundishwa haya mwaka wa kwanza chuoni. Basi:

Bunduki ya kiwandani: 12 na 3 inatoa 12.4.
Bunduki ya fundi: 12 na 1.5 inatoa 12.1.

Tofauti ni milimita tatu. Dola 4,800 zimenunua milimita tatu.

Sasa mwache na bunduki yake ya dola 700, lakini afanye mazoezi mpaka mtikisiko ushuke kutoka 12 hadi 8. Inatoka 8.5. Amepata karibu sentimita nne, na bunduki haijaguswa.

Twende mita 200, ambako kila kipimo kinazidishwa mara mbili. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu huyo ni kama sentimita 20 kwa upana. Asiye na mazoezi, mwenye bunduki ya fundi, anatawanya risasi kwenye sentimita 24. Mwenye mazoezi, na bunduki ya kiwandani, ni 17. Wa kwanza anaweza kumpiga mnyama tumboni, akamwacha akimbilie vichakani kufa kwa masaa. Wa pili anaangusha. Hili si suala la kujivunia kifaa, ni suala la kiumbe kuteseka kwa sababu fedha zilienda mahali pasipofaa.

Waandishi wa programu, mmelitambua hili? Ni Amdahl, 1967. Ukiongeza kasi ya sehemu ambayo si tatizo, mfumo mzima hausogei. Tunaikariri kwenye mtihani, halafu tukiona mbao ya jozi iliyong'arishwa tunaisahau.

Anayeishikilia bunduki yako ni nani?

Kuna jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Mwaka 1785 Thomas Jefferson alikuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa. Alitembelea karakana ya fundi aitwaye Honoré Blanc, akaonyeshwa vipande vya mitambo hamsini ya bunduki iliyofunguliwa yote. Jefferson akaokota vipande ovyo, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mikono yake, na vikakubaliana. Kabla ya hapo kila bunduki ilikuwa peke yake duniani. Kipande kikivunjika, fundi alilazimika kukaa chini na tupa akakwangua kingine mpaka kikae. Katika miaka ya 1820 John Hall, kule Harpers Ferry Marekani, alitengeneza bunduki kwa mashine na vipimo vikali kiasi kwamba vipuri vya moja viliingia kwenye nyingine. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa cherehani na baiskeli za viwandani.

Maana yake, kipuri kinachoingia bila kukwanguliwa si uzembe wa kiwanda. Watu waliupigania miaka mingi, na bunduki ndizo zilizotangulia.

Risasi nazo ni hivyo hivyo. Mwaka 1926 viwanda vya Marekani viliunda chombo kiitwacho SAAMI cha kuweka vipimo vya risasi na chemba. Kwa sababu hiyo risasi ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, ukiinunua mji wowote wa Texas itaingia kwenye bunduki ya .308 ya kampuni yoyote. Sasa sikilizeni: fundi wa binamu yangu alimshauri achukue risasi ya kipekee, isiyouzwa dukani. Unachukua ganda la risasi nyingine, unalibadilisha umbo, unapima baruti mwenyewe nyumbani. Eti inaenda kasi kidogo zaidi.

Mimi nilisikia kengele. Huo ni muundo wa faili ambao programu moja tu duniani inaufungua! Siku ukisahau sanduku lako la risasi nyumbani, kilomita 300 kutoka hapo, bunduki yako ya dola 5,500 ni fimbo ya kutembelea.

Roosevelt alikuja na jibu Mombasa

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka madarakani wiki chache tu, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama 512 katika safari yao. Sisifu, lakini nataka mtazame bunduki zake tatu kubwa.

Ya kwanza ilikuwa Holland & Holland ya mitutu miwili kutoka London, zawadi ya marafiki wa Uingereza. Ya pili ilikuwa Winchester ya 1895, kazi ya kiwanda, na aliipenda sana kwa simba. Ya tatu ilikuwa Springfield, bunduki ya jeshi, iliyobadilishwa kitako na vilengeo ili imkae yeye.

Ukitazama vizuri, hizo ni njia tatu za kujenga mfumo wowote. Ya fundi inatumika pale kosa moja ni kifo: kifaru hatua ishirini mbele yako, unataka risasi ya pili papo hapo bila kukoki. Ya kiwandani ni ya kazi za kila siku. Na ile ya katikati ni kitu cha kiwandani ulichokirekebisha pale tu kinapokubana. Kulungu wa Texas si kifaru. Ni nadra amrukie mtu aliyekosa risasi ya kwanza.

Najua mtasema nini

Mtasema kitako cha kiwandani hakimkai kila mtu. Kweli kabisa. Hupimwa kwa mtu wa wastani, na mtu mfupi au mwenye mabega mapana hupata shida. Jicho halikai sawa na darubini, na teke la bunduki linamuumiza. Lakini dawa ni kupeleka kitako kwa fundi akikate au akiongeze vibao. Hiyo ni kazi ndogo ya bei ndogo. Suruali ikiwa ndefu unaipeleka kwa fundi wa mtaani apinde, hufungui kiwanda cha nguo. Na wanaotumia mkono wa kushoto, viwanda vinawatengenezea siku hizi.

Mtasema viwanda hukosea. Kweli tena. Mwaka 2014 kampuni ya Remington iliita kurudi bunduki zenye kifyatuo cha X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006, kwa sababu baadhi zingeweza kufyatuka zenyewe. Hilo ni jambo la kutisha, na malalamiko kuhusu kifyatuo chao cha zamani yaliishia mahakamani. Siwatetei. Lakini kosa lilijulikana kwa sababu bunduki zilikuwa nyingi na walalamikaji wakakutana. Bunduki ya fundi ikiwa na kosa, mwenye kuligundua ni wewe peke yako, na siku utakayoligundua huenda isiwe siku nzuri.

Mtasema kuna raha ya kumiliki kitu cha mikono ya mtu. Hapo sina ubishi. Ukitaka raha, nunua raha, ni fedha zako. Lakini iite raha. Usije ukaniambia ni usahihi.

Sasa maungamo

Mimi pia ni fundi wa kuagiza. Chakula changu kinatoka huko, na ndiyo maana makala hii inaniuma kuiandika.

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, shule moja iliniomba mfumo wa karo. Kulikuwa na programu zilizo tayari ambazo zingefanya tisa kumi ya kazi yao. Iliyobaki ilikuwa kuunganisha malipo ya M-Pesa na kuchapisha risiti kwa namna yao. Sikuwaambia. Niliwaambia shule yao ni ya pekee na inastahili mfumo wake. Niliandika kila kitu mwenyewe, hata sehemu ya kuingia na nenosiri. Nilijivunia sana. Sikuandika maelezo ya matumizi hata ukurasa mmoja.

Nilipata kazi nyingine mwaka uliofuata. Mhasibu wa shule, mama mpole anayeniita "mwanangu", bado hunipigia simu kila muhula unapoanza, wakati mwingine saa nne usiku, kwa sababu malipo ya wazazi hayaonekani na hakuna mtu mwingine duniani anayejua kilichomo mle ndani. Muhula mmoja nilikuwa nje ya mtandao siku tatu. Watoto kadhaa walirudishwa nyumbani kuleta karo ambayo wazazi wao walikuwa wameshalipa.

Risasi ya kipekee, ganda lisilouzwa dukani. Mimi ndiye niliyeiuza.

Kwa hiyo wale sita wa ofisini waliposema "ya fundi, bila shaka", niliisikia sauti yangu ya mwaka ule. Hatusemi hivyo kwa sababu tumepima. Tunasema hivyo kwa sababu sisi ndio mafundi.

Nilichomjibu binamu

Chukua ya dola 700, ya .308, kutoka kampuni yoyote yenye jina na yenye vipuri. Tumia dola 800 kwa darubini nzuri. Mpe fundi kitako akirekebishe kikukae. Weka dola 1,500 kwa risasi. Ukizipata kwa dola moja na nusu ni risasi elfu moja, nazo uzifyatue ukiwa umepiga goti, umekaa, umeegemea mti, si juu ya meza ya uwanja wa shabaha. Ongeza bunduki ndogo ya .22, risasi zake ni senti kumi hivi, ujizoeze kila wiki. Bado utabaki na zaidi ya dola elfu moja na nusu. Mtumie shangazi nyingine.

Baada ya misimu mitatu, kama unaweza kuniambia kwa tarakimu kile ambacho bunduki hiyo imeshindwa kukufanyia, nenda kwa fundi na nitakuunga mkono. Utajua cha kumwagiza, na yeye atajua anachojenga.

Wateja wangu nimeanza kuwaambia vivyo hivyo. Nimepoteza kazi mbili tangu Januari kwa sababu ya mdomo huu. Na likizo hii naenda shuleni kwa yule mama, siku mbili, bila malipo, kuwahamishia data kwenye programu ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha.

Hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda. Mnaopinga, leteni hesabu zenu.