Je, Nyimbo za Rege ni Uchochezi?

Wapo wazee wetu wasemao ya kwamba nyimbo za rege ni za wavuta bangi na wasiochana nywele, na ya kwamba kijana azisikilizaye hafundishwi neno ila kubishana na serikali. Kwa upande wa pili wapo vijana wenzangu wanaozisifu zote bila kuchagua. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hazijalitazama jambo lenyewe. Mimi nitalitazama kwa santuri moja tu, iitwayo Forces of Victory, iliyotolewa Uingereza mwaka 1979.

Mwenye santuri hiyo ni Linton Kwesi Johnson, mshairi aliyezaliwa Jamaica mwaka 1952 na kuhamia London mwaka 1963, akiwa mtoto wa miaka 11. Yeye hakufuga nywele za Kirasta wala hakuifuata dini hiyo. Katika picha zake huonekana amevaa koti na kofia kama mwalimu. Tena haimbi, husema. Wapigaji wakiongozwa na Dennis Bovell hupiga besi na ngoma, naye husema shairi lake juu ya mapigo hayo. Ushairi wa namna hii huitwa ushairi wa dab, kwa jina la santuri za Jamaica ambazo sauti ya mwimbaji iliondolewa, ikabaki ngoma na besi, ili msemaji apate nafasi ya kusema yake. Sisi watu wa pwani tusiuone kuwa mgeni mno. Utenzi nao haukutungwa usomwe kimya. Hughaniwa mbele ya watu.

Santuri ina mashairi manane. Nitayapima mawili.

La kwanza ni barua. Kijana Sonny yumo katika gereza la Brixton, anamwandikia mama yake. Anamweleza jinsi yeye na mdogo wake Jim walivyokuwa wakingoja basi, polisi watatu wakaja wakamshika Jim bila kosa, wakampiga. Sonny alikuwa amemwahidi mama kumtunza mdogo wake, akaingia kumtetea. Katika vurugu hiyo polisi mmoja akaanguka akafa. Sasa Jim ameshitakiwa kwa kushukiwa, na Sonny kwa kuua. Sheria hiyo ya kushukiwa ilikuwa ya mwaka 1824. Kwa sheria hiyo polisi aliweza kumkamata mtu kwa kudhani tu kwamba ana nia ya kuiba, na walioumizwa nayo sana ni vijana weusi. Wazazi wao, hasa kina mama, waliungana kuipinga, na mwaka 1981 Bunge likaifuta. Sisemi kwamba shairi ndilo lililoifuta. Nasema kwamba aliyelisikia hakuweza tena kudai kuwa hajui sheria hiyo humfanya nini mtoto wa mtu.

La pili ni shairi la ngumi. Linawajibu wabaguzi waliokuwa wakiwapiga wahamiaji barabarani, na linaahidi kuwavunja vichwa. Sababu ya hasira hiyo naielewa, maana watu waliuawa kwa rangi yao. Lakini mimi ni mtoto wa Cabo Delgado, na shairi hilo siwezi kulipigia makofi. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 1917? Wala, si vita vya babu zetu. Ilikuwa 2017, jana tu. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Kufikia mwaka 2022 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameyahama makwao. Vijana wenye malalamiko ya kweli, ya umaskini na ya kudharauliwa, waliambiwa ya kwamba panga ni jibu, na baadhi yao wakasadiki. Mwisho wake tunaujua kuliko mtu yeyote wa London.

Basi tofauti ya mashairi hayo mawili ni hii. Barua inataja mahali, saa, idadi ya polisi na mashitaka, wala haifichi kwamba mtu alikufa. Hata mama wa yule polisi angeweza kuisikiliza mpaka mwisho. Barua ni ushahidi. Shairi la ngumi ni kitisho tu, na kitisho hujibiwa kwa kitisho.

Kushukiwa nako tunakujua. Kesi kubwa ya mashambulizi ilifunguliwa Pemba mwezi Oktoba 2018, washitakiwa wakiwa zaidi ya 100. Wengine walifungwa, na wengine wakaachiliwa huru. Mpaka leo kijana aliyekimbia nyumba inayoungua bila kuchukua kitambulisho hushukiwa njiani. Nani ameandika barua yake?

Wengine watasema kwamba kuandika ni hatari. Ni kweli. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi alichoandika kuuliza Kenya inakwenda wapi. Humo gerezani alitunga mashairi, kwa Kimvita cha kwao, yaliyotolewa mwaka 1973 katika kitabu Sauti ya Dhiki. Katika nchi yetu, Edson da Luz aliyejulikana kama Azagaia aliitwa mwaka 2008 kujieleza mbele ya waendesha mashitaka kwa ajili ya wimbo wake Povo no Poder. Alifariki tarehe 9 Machi 2023, na wimbo ule bado huimbwa na watu barabarani. Lakini Azagaia aliimba kwa Kireno, na bibi anayeuza samaki sokoni kwetu hakijui Kireno.

Hapa Johnson anatufundisha neno la mwisho. Alitunga kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo wengi waliiita Kiingereza kilichovunjika, na mwaka 2002 mashairi yake yalitiwa na Penguin katika mfululizo wa vitabu vyake bora vya zama hizi. Kimwani nacho huitwa na wengine Kiswahili kilichovunjika. Hakikuvunjika, ndicho walichosema watu wetu walipokuwa wakikimbia.

Kwa hiyo naomba gazeti letu litenge ukurasa mmoja wa barua na mashairi kwa Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, juu ya mambo tuliyoyaona. Sharti liwe moja: mwandishi aandike aliyoyaona, asimtuhumu mtu kwa uvumi, wala asitishe mtu. Wazee wanaoogopa uchochezi wakumbuke methali yetu: mficha maradhi, kifo humuumbua.