CHUMA KINA JINA, MTU JE?



Pale Nairobi, karibu na stesheni, pana Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 wakati reli ilikuwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Hapo limesimama gari la moshi namba 5918, jina lake Mount Gelai. Liliundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1950, moja katika magari 34 ya aina yake. Uzito wake ni tani zipatazo 250.

Wako watu wasemao, "Chuma kikuukuu hicho, kiuzwe kwa kilo." Sisi twawajibu: hapana! Chuma kile ni shahidi wetu. Mtoto wa mfanyakazi na akione, apime kwa macho yake kazi waliyoifanya babu zake.

Lakini liko kosa kubwa zaidi, nalo ni kutunza chuma na kumsahau mtu. Magari ya aina ya Mount Gelai yalipewa majina ya milima. Mengine yalipewa majina ya makabila, kama namba 3020, Nyaturu. Je, la dereva ni lipi? La mchochea moto? La fundi wa boila?

Liko pia behewa ambamo Bwana Ryall, ofisa wa polisi, aliuawa na simba huko Kima mwaka 1900. Jina lake hutajwa hata leo. Sasa hesabuni: tangu reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896 hata ilipofika ziwani mwaka 1901, wafanyakazi 2,493 waliotoka India walikufa. Hao wamekuwa hesabu tu. Na Waafrika waliofyeka msitu na kubeba mataruma, hata hesabu yao haikutunzwa vema.

Tena gari la moshi si sanamu. Maji yakipungua mno ndani ya boila, boila hupasuka na watu hufa. Ujuzi wa kutazama maji, kutawala moto na kusikia beringi inayolia haumo katika chuma. Umo katika vichwa vya wazee. Magari haya makubwa yaliacha kazi karibu na mwaka 1980. Aliyekuwa kijana wakati ule leo ni mzee. Akienda na ujuzi wake, chuma kitabaki bubu.

Wala tusisimuliwe habari za mvuke pasipo habari za mshahara. Wakati wa ukoloni mshahara ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Januari 1947 wafanyakazi wa reli na bandari waligoma Mombasa. Mgomo ule ni historia ya reli sawasawa na magurudumu yake.

Kwa hiyo twadai:

1. Kando ya kila gari pawe na ubao wenye majina ya walioliendesha na kulitengeneza.

2. Wazee waitwe wafundishe vijana, nao walipwe ujira, si chai na asante.

3. Habari za migomo ziandikwe mahali pale pale.

Nawe mwanachama, usingoje mkubwa. Mwendee mzee wa reli aliye jirani yako. Andika jina lake, kazi yake na miaka yake, ulete ofisi ya tawi. Tukienda kudai ubao, twende na majina mkononi.

Chuma hakikujiendesha! Umoja ni nguvu.