Usiniulize Nilimwona Nani

Usiku mmoja pale Daraja Mbili, Kisii, nilikula kuki mbili nzima za bangi. Wenzangu waliniambia nusu inatosha. Nilikuwa nimeacha chuo mwezi mmoja kabla na nyumbani hawakujua. Ukuta ulianza kupumua, halafu pale kwenye dari akatokea nyanya mmoja, jirani yetu wa kule Nyamira, ameshika udongo wa kaburi la baba. Sikudhani kwamba ndiye aliyemuua. Nilijua, vile unavyojua jina lako.

Wiki hiyo mathe alinipeleka kwa mchungaji. Hakuniuliza nilikula nini. Aliniuliza, "Ulimwona nani?"

Hilo swali ndilo nalipinga hapa, kwa sababu majina yanayotajwa hivyo huua watu. Mei 2008, watu 11 walichomwa moto Kisii wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, nyanya wanne waliuawa wakidaiwa kumroga kijana mmoja.

Utasema hao ni watu wa kijijini. Sawa, basi kaa na wasee wa uyoga Nairobi. Mtu anakula uyoga Jumamosi, Jumapili anakwambia amefunuliwa: dadake ana roho mbaya, rafiki yake ni nyoka. Huyo ni mchungaji yule yule, amevaa shanga tu.

William James aliandika mwaka 1902 kwamba hali kama hizi huja na hisia nzito ya kujua. Sikiza vizuri: hisia ya kujua. Psilosibini iliyo kwenye huo uyoga hufanya kazi kupitia vipokezi vya serotonini kwenye ubongo. Haibebi habari za jirani yako. Mwaka 1959 Anthony Wallace alilinganisha wenyeji asilia wa Marekani waliokula peyote katika ibada yao na Wazungu waliopewa meskalini, dawa iliyo ndani ya peyote, kwenye majaribio. Wenyeji walikutana na utakatifu. Wazungu walirushwa huku na huku kati ya furaha na huzuni. Dawa moja, ila kila mtu aliona kwa macho ya kwao.

Sasa nyanya wangu alitoka wapi? Alitoka mezani kwetu. Shamba lake la chai limepakana na letu, na huo mpaka tumeugombania tangu nikiwa mdogo. Jina lake lilikuwa limelaaniwa kwetu mara mia kabla sijaonja kuki yoyote.

Sisemi maono ni upuzi. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisimulia kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, alimmeza, akamtema, akampa ujumbe: Wazungu wataondoka. Ujumbe ulifika Gusii, kwa watu waliochoshwa na kodi ya nyumba na kazi ya kulazimishwa. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza wakapigana mjini Kisii. Waingereza walipouacha mji, watu wakaona yametimia, wakapora ofisi za serikali na misheni. Waingereza wakarudi, wakawaadhibu vikali. Maono yale yalisema kweli kuhusu maumivu. Kuhusu lini Mzungu angeondoka, yalikosea, na watu wakalipa.

Huo ndio msimamo wangu. Maono yanajua kinachouma, hayajui nani alifanya. Yasikilize kama unavyosikiliza mtoto anayelia usiku: lazima uamke, lakini humkamati mtu kwa sababu mtoto amelia. Mwenzako akirudi kutoka huko, awe ametumwa na uyoga, homa au mfungo wa siku saba, muulize, "Unaumwa wapi?" Mimi ningejibu: baba amekufa na sijamlilia, nimeacha chuo na naogopa kumwambia mama. Hakuna jina la jirani hapo.

Na wewe uliyeona, usikubali mtu akusomee maono yako huku akitafuta mtuhumiwa. Huyo hakutafsirii. Anakuazima mdomo.

Mchungaji alirudia swali mara tatu. Mathe alikuwa ananiangalia, na nadhani alishajua jina analolisubiri. Nikasema sikumtambua. Nilidanganya kanisani, na sijatubu.

Nyanya bado yuko hai. Kila asubuhi anachuma chai yake upande ule wa mpaka, upande ambao sisi husema ni wetu.